Mvua ya Bunia siyo mvua ya kila mlima: tupime karibu na shamba ili tujue udongo unaotoroka

Somo la mara hii ni juu ya mvua na udongo. Kila mmoja wenu anajua kwamba mvua kali inachukua udongo. Lakini wakati watu wa ofisi wanapotengeneza karata ya kuonyesha milima gani inapoteza udongo zaidi, wanatumia hesabu za mvua zilizopimwa mbali sana na shamba lako. Karata ile ndiyo inaamua miche ya miti na majani ya kuzuia udongo itapelekwa wapi, na agronomu atatumwa mlima gani kwanza. Kama hesabu ya mvua si ya mlima wako, basi karata haikuoni.

Katika somo hili tutaona vitu vinne: kwa nini mvua yenye milimeta sawa haina nguvu sawa, namna satelite inavyokosea milimani kwetu, namna ya kusahihisha hesabu zake, na kazi ambayo kila kooperative inaweza kuanza msimu huu kwa chupa, kaye na biki.

Kwanza: milimeta moja ni nini?

Tukisema mvua ya milimeta 1 imenyesha, maana yake ni hii: kama maji yale yasingezama wala kutiririka, yangefunika ardhi kwa kimo cha milimeta 1. Juu ya hektari 1, hiyo ni lita 10,000 za maji. Mvua ya milimeta 40, ambayo kwetu si ajabu, inamwaga juu ya hektari moja lita 400,000, yaani mabido 20,000 ya lita 20. Hesabu hiyo peke yake inatosha kutuonyesha kwa nini udongo uliolimwa, ukiwa mtupu juu ya mteremko, hauwezi kubaki mahali pake.

Sasa tupime upande wa udongo. Mvua ikiondoa milimeta 1 tu ya udongo juu ya hektari 1, imeondoa meta kyubu 10, na uzito wake ni karibu tani 12. Ni unene mdogo kuliko sarafu, kwa hiyo jicho halioni. Mkulima anasema shamba lake liko vile vile, kumbe gari nzima ya udongo mzuri imeshateremka mtoni. Na udongo wa juu ndio wenye mboji na chakula cha mimea. Ule unaobaki chini ni mwekundu, mgumu, na maharage yake yanakuwa manjano.

Pili: milimeta sawa, nguvu tofauti

Toka zamani wataalamu wa Marekani, Wischmeier na Smith, walitengeneza hesabu ya kukadiria udongo unaopotea shambani. Waliitoa mwaka 1965, wakaitengeneza tena mwaka 1978, na mpaka leo inatumiwa duniani kote katika sura zake mpya. Hesabu hiyo inaangalia mambo matano: nguvu ya mvua, aina ya udongo, urefu na ukali wa mteremko, mimea inayofunika ardhi, na kazi ambazo mkulima amefanya ili kuzuia maji. Hayo yote yanazidishwa pamoja. Ukikosea moja, jibu lote linapotoka.

Angalieni vizuri: hesabu haisemi «wingi wa mvua», inasema «nguvu ya mvua». Tone kubwa la mvua kali linapiga udongo kama nyundo ndogo, linavunja mabonge, na udongo uliovunjika unaziba matundu ya ardhi. Maji hayazami tena, yanakimbia na kubeba kila kitu. Mvua ya polepole, hata ikinyesha siku nzima, inazama. Mtaalamu Norman Hudson, aliyefanya kazi yake Zimbabwe, aliona kwamba mvua isiyofika milimeta 25 kwa saa moja karibu haichukui udongo. Ile inayopita hapo ndiyo yenye hatari. Kumbukeni namba hiyo 25, tutairudia.

Tufanye mfano. Mvua mbili zimenyesha, kila moja milimeta 60. Ya kwanza ilimwagika kwa saa moja. Ya pili ilinyesha polepole kwa saa sita. Kipima-mvua kinaonyesha hesabu moja kwa zote mbili: 60. Lakini tukitumia hesabu ya nguvu ya mvua, ile ya saa moja inapata alama karibu 1,000, na ile ya saa sita inapata karibu 100. Mara kumi! Ndiyo maana mtu akikwambia tu kwamba «mwaka huu mvua ilikuwa nyingi», bado hajakwambia kama udongo ulipotea.

Tatu: kwa nini hesabu ya mbali haiwezi kuuona mlima wako

Tuangalie inchi yetu. Bunia iko kwenye kimo cha karibu meta 1,275. Ziwa Albert liko karibu meta 620. Upande wa Djugu, Milima ya Buluu inapita meta 2,000, na mlima Aboro unapita hata 2,400. Kwa hiyo katika safari fupi tu, mtu anatoka kwenye joto la Kasenyi, anapanda ukingo wa bonde kupitia Bogoro, kisha anaendelea kaskazini mpaka kwenye baridi ya vilima vya juu. Upepo wenye unyevu ukigonga milima, unapanda, unapoa na kuangusha maji. Ufuo wa ziwa unabaki mkavu zaidi kuliko mlima. Wakulima wanajua hiyo bila kuambiwa. Ni kawaida kusikia: «Kwetu mvua ilimwagika, lakini ng'ambo ya mto hata tone.»

Zamani kulikuwa na watu wa kupima. Shirika la utafiti wa kilimo la wakati wa Wabelgiji, INEAC, lililoundwa mwaka 1933, lilikuwa na kituo chake kule Nioka, katika teritwari ya Mahagi, ambako mvua, udongo na mazao vilifuatiliwa. Leo kazi hiyo ni ya INERA. Lakini katika bonde lote la Kongo, vituo vinavyotuma hesabu za mvua kila siku vimepungua sana ukilinganisha na miaka ya 1950. Vifaa vilizeeka, mishahara ilikosa, na kwetu Ituri vita vimefukuza watu mara nyingi kutoka mahali pao. Kituo cha uwanja wa ndege wa Bunia hakiwezi kusema mvua ya Fataki, ya Kpandroma wala ya Mahagi.

Kwa sababu ya upungufu huo, wataalamu wamegeukia satelite. Satelite moja ya mvua, iliyoitwa TRMM, ilirushwa mwaka 1997 na ikafanya kazi mpaka 2015. Ingine ya kuifuata, GPM, ilirushwa mwaka 2014. Mwaka 2010, Anton Vrieling na wenzake wa Uholanzi walitumia hesabu za TRMM ili kukadiria nguvu ya mvua ya Afrika nzima. Ilikuwa kazi ya maana sana, kwa sababu ilitoa habari hata kwa sehemu zisizo na kituo. Lakini kila mraba wa hesabu zile una upande wa kilometa 28 hivi. Mraba mmoja ni hektari zaidi ya 77,000! Ndani yake Bunia na Bogoro zinaweza kuingia pamoja, na zote zinapewa hesabu moja ya mvua.

Haya, tuone ubaya wa hesabu moja. Tuseme nusu ya mraba ni mlima, na nusu ni tambarare. Mchana mmoja mlima unapata milimeta 60 kwa saa moja, tambarare haipati kitu. Satelite inachanganya na kusema: mraba mzima ulipata milimeta 30. Tukihesabu nguvu ya hizo milimeta 30 za saa moja, tunapata alama karibu 220. Lakini kule mlimani nguvu ya kweli ilikuwa alama 1,000. Yaani mlima umepewa chini ya robo ya nguvu iliyoupiga, na tambarare imepewa nguvu ambayo haikuiona. Hata ukichukua wastani wa kweli wa pande zote mbili, unapata 500, bado ni zaidi ya mara mbili ya ile 220. Kuchanganya mvua kunaficha mvua kali, na mvua kali ndiyo inayobeba udongo.

Hapo ndipo penye shida ya watu wetu wa milimani. Karata iliyotengenezwa kwa miraba mikubwa inafanya mteremko unaoliwa ufanane na tambarare iliyo salama. Msaada unagawiwa sawa sawa, au unaenda mahali pasipo na haja, na mkulima wa mteremko anabaki na jembe lake peke yake.

Nne: miraba midogo inasaidia, lakini haitoshi

Leo kuko hesabu zenye miraba midogo zaidi. Moja inaitwa CHIRPS, inatolewa bure na wataalamu wa Marekani. Inaanza mwaka 1981, na kila mraba una upande wa kilometa 5 na nusu hivi. Mraba mmoja wa zamani unaingia miraba 25 ya hii. Ingine inaitwa TAMSAT, inatolewa na chuo kikuu cha Reading, Uingereza, kwa ajili ya Afrika. Miraba yake ni ya kilometa 4 hivi. Kuko tena IMERG, inayotokana na GPM. Miraba yake ni ya kilometa 11, lakini inatoa hesabu kila nusu saa, na hiyo inasaidia kujua ukali.

Lakini tujue namna hesabu hizi zinavyopatikana. Mara nyingi satelite haioni mvua yenyewe. Inaona ubaridi wa juu ya mawingu, na kutokana na huo inakadiria mvua iliyoanguka chini. Wingu refu na baridi sana linahesabiwa kuwa na mvua. Wingu fupi linalogonga mlima na kunyesha bila kupanda juu sana linaweza kupita bila kuonekana. Kwa hiyo wataalamu wa CHIRPS wanachanganya satelite na hesabu za vituo vya chini. Mahali penye vituo vingi, jibu linakuwa zuri. Mahali pasipo na kituo, mraba mdogo unajazwa na makisio.

Kugawa bugali kwenye sahani nyingi hakuongezi unga. Vile vile, kukata mraba mkubwa kuwa miraba midogo hakuongezi habari kama hakuna kipimo kipya kilichoingia. Karata inaweza kupendeza macho, ina rangi nyingi na vilima vinaonekana, lakini mvua iliyomo ikawa ile ile ya mbali.

Habari mpya inaweza kutoka njia mbili. Ya kwanza ni kimo cha ardhi. Mwaka 2000 chombo cha anga cha Marekani kilipima kimo cha sehemu kubwa ya dunia, na leo tunajua kimo cha kila kilima cha Ituri kwa vipande vya meta 30 tu. Wataalamu wanaweza kulinganisha mvua na kimo, na pia na umbali kutoka ziwani, halafu wakagawa mvua ya mraba kwa kufuata umbo la milima. Kimo kinasaidia tena kujua mteremko, jambo la tatu katika ile hesabu ya Wischmeier na Smith.

Njia ya pili ni kupima chini, mahali penyewe. Hapo hakuna wa kutushinda sisi wanakijiji, kwa sababu tunaishi pale ambapo mvua inaangukia. Duniani watu wengi wanafuata njia hiyo. Mpango uitwao TAHMO unaweka vituo vidogo vya hali ya hewa kwenye mashule ya Afrika, ili watoto wavilinde na kujifunza kwavyo. Kooperative yetu haina haja ya kungoja kituo cha bei kali. Tuanze na tulicho nacho.

Tano: namna ya kutengeneza kipima-mvua

Chukueni chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, yenye ubavu ulionyooka. Kateni sehemu ya juu, pale chupa inapoanza kupungua. Mimina ndani vijiwe safi mpaka sehemu ya chini isiyo sawa ijae, kisha ongeza maji mpaka yafunike vijiwe. Chora alama pale maji yanapofika: hiyo ndiyo sifuri. Bandika rula ya shule kwa nje, sifuri yake ikiwa kwenye alama, na uzibe plasta isilowe. Kile kipande cha juu kipindue na kukichomeka ndani kama mpare wa kumiminia mafuta, ili maji yasikauke kwa jua. Kwa kuwa mdomo na ubavu vina upana mmoja, milimeta unayosoma kwenye rula ndiyo milimeta ya mvua.

Kama mnatumia mpare na chombo vyenye upana tofauti, pimeni kwa sirenji ya dawa. Mpare wenye mdomo wa sentimeta 10 unapokea karibu mililita 8 kwa kila milimeta 1 ya mvua (hesabu kamili ni 7.85). Ukikuta mililita 157, mvua ilikuwa milimeta 20.

Mahali pa kuweka ni jambo la maana sana:
– Funga kipima-mvua kwenye mti mnyofu, mdomo ukiwa kwenye kimo cha meta moja na nusu, umesimama sawa, na uwe juu kuliko mti wenyewe.
– Kaa mbali na nyumba na miti. Kama mti una meta 5, weka kipima-mvua meta 10 toka hapo.
– Kisiwe kwenye kilele kinachopigwa na upepo wala kwenye shimo.
– Zungushia miiba, kwa sababu mbuzi ni mbuzi.
– Kikishawekwa, kisihamishwe ovyo. Kikihama, andikeni tarehe na mahali papya.

Kooperative yenye milima mitatu iweke vipima-mvua visivyopungua vitatu: kimoja chini, kimoja katikati ya mteremko, kimoja juu. Viwili vikiwa jirani kwenye tambarare moja havitufundishi sana.

Sita: namna ya kusoma na kuandika

Someni kila siku saa moja asubuhi (7h00), hata kama haikunyesha. Baada ya kusoma, mwaga maji mpaka kwenye alama ya sifuri. Andikeni katika kaye safu tano: tarehe, milimeta, saa mvua ilipoanza, saa ilipoisha, na neno moja juu ya ukali.

Kwa mvua kali, tunaomba kitu kimoja zaidi. Mvua ikiisha, na radi ikiwa imekwisha kabisa, soma mara moja bila kungoja asubuhi, andika, na umwage maji mpaka sifuri. Usitoke nje wakati wa radi, wala usitume mtoto. Hesabu haina thamani ya kufa mtu. Asubuhi utajumlisha kipimo cha jana na kilichobaki. Kama sehemu kali ya mvua ilichukua nusu saa na ikaleta milimeta 12 au 13, imefika ile namba 25 kwa saa. Weka msalaba mwekundu kando yake. Mvua ya milimeta 25 au zaidi iliyokwisha ndani ya saa moja, weka misalaba miwili.

Sheria ya kaye ni moja: tusidanganye. Kama haikunyesha, andika 0. Kama hakuna aliyesoma, andika «hatukusoma». Sifuri ni habari, lakini nafasi tupu ni pengo, na mtu wa ofisi akiijaza kwa sifuri, mlima wako utaonekana mkavu. Kama watu walikimbia kwa sababu ya usalama, andikeni siku mlizoondoka na siku mliyorudi. Kaye yenye mapengo yanayojulikana ni bora kuliko kaye iliyojazwa kwa kubahatisha. Chagueni wasomaji wawili kwa kila kipima-mvua, mama mmoja na kijana mmoja kwa mfano, ili mmoja akisafiri kazi isisimame.

Saba: namna ya kusahihisha satelite kwa kaye yetu

Hapa tunatoa mfano wa hesabu, ili kila kamati iweze kuufanya pamoja na agronomu wake. Tuseme mwezi wa nne satelite imesema mraba wetu ulipata milimeta 140. Kipima-mvua cha juu kilipata 182. Cha chini kilipata 112.

Gawanya kipimo chako kwa kile cha satelite. Juu: 182 kwa 140 ni 1.3. Chini: 112 kwa 140 ni 0.8. Hizo ni namba za kusahihisha. Maana yake satelite inapunguza mvua ya juu na kuongeza ya chini.

Sasa kuko shamba lisilo na kipima-mvua, kilometa 2 toka kile cha juu na kilometa 4 toka kile cha chini. Kilicho karibu kinapewa sauti kubwa zaidi. Kwa kuwa umbali wa cha juu ni nusu ya umbali wa cha chini, sauti yake ni mara mbili: theluthi mbili kwa cha juu, theluthi moja kwa cha chini. Namba ya shamba hilo inakuwa 1.13 hivi. Zidisha na 140, unapata milimeta 159. Tayari hesabu imekuwa ya shamba lile, haiko tena ya mraba mzima.

Tahadhari mbili. Kwanza, umbali siyo kila kitu. Kama shamba liko karibu na kipima-mvua cha juu lakini ng'ambo ya kilele, upande usiopigwa na mvua, tazameni kimo na upande kabla ya kuhesabu. Pili, mwezi mmoja hautoshi. Chukueni msimu mzima wa mwezi wa tatu mpaka wa tano, kisha wa mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja, na mlinganishe mwaka kwa mwaka. Na jumla ya mwezi ikishasahihishwa, bado haijasema ukali. Kwa ukali tunarudi kwenye misalaba myekundu. Milima miwili inaweza kuwa na milimeta 180 kila mmoja, lakini mmoja una misalaba miwili na mwingine saba. Ule wa saba ndio wa kushughulikiwa kwanza.

Nane: kaye inamfaa nani?

Kwanza inakufaa wewe mwenyewe. Ukiangalia misalaba ya misimu miwili au mitatu, utajua majuma ambayo mvua kali inapenda kuja mlimani kwako. Mara nyingi hatari kubwa iko mwanzoni mwa msimu, wakati shamba limetoka kulimwa, majani yamechomwa, na mbegu haijaota. Mvua ile ile ikija miezi miwili baadaye, inakuta maharage yamefunika ardhi. Kwa hiyo usichome mabaki, yatandaze. Lima kwa kukata mteremko, siyo kwa kushuka nao. Panda maharage mapema kati ya mahindi au mihogo. Milima yenye misalaba mingi ipate mistari ya majani ya tembo, setaria au vetiva, pamoja na miti kama kaliandra, ikifuata usawa wa mlima. Kadiri mteremko unavyokuwa mkali na misalaba inavyokuwa mingi, mistari isogeleane. Kati ya yale mambo matano ya hesabu, mvua na aina ya udongo hatuwezi kubadilisha. Mimea inayofunika na kazi ya kuzuia maji viko mikononi mwetu, na hata urefu wa mteremko tunaukata kwa mistari hiyo.

Pili, kaye inaifaa kooperative wakati wa mkutano na ofisi ya kilimo ya jimbo au na shirika la msaada. Leo watu wengi wamesongamana kulima karibu na Bunia na mahali penye usalama kidogo, na wengine wanarudi kwenye mashamba yaliyolala miaka. Miteremko iliyokuwa majani sasa inalimwa. Miche haitoshi kwa wote, na lazima kuchagua. Mtu akileta karata ya miraba mikubwa, kooperative ilete kaye yake na kusema: «Huu mlima una misalaba saba, ule una miwili. Tuanzie hapa.» Maneno hayo yana uzito kuliko malalamiko, na yanamlinda hata mlima wa jirani asiye na mtu wa kumsemea.

Tatu, inawafaa wataalamu. Hesabu zenu zikitumwa pamoja na mahali pa kila kipima-mvua na kimo chake, vitu ambavyo telefoni ya kisasa inaonyesha, ofisi ya hali ya hewa ya inchi, Mettelsat, na watafiti wanaweza kusahihisha miraba yao. Mwaka 2017 ilitolewa karata ya nguvu ya mvua ya dunia nzima, iliyojengwa kwa vituo 3,625 vya inchi 63. Karata ile iliweka Afrika ya Kati kati ya sehemu zenye mvua ya nguvu sana duniani. Sehemu zenye mvua kali kama zetu ndizo zinazohitaji vipimo vingi, na ndizo zenye vichache. Kila kaye iliyotunzwa vizuri ni kituo kimoja zaidi.

Kazi ya kikundi kabla ya somo lijalo

1. Chagueni mahali pa vipima-mvua vitatu, juu, katikati na chini, na majina ya wasomaji wawili kwa kila kimoja.
2. Tengenezeni vipima-mvua, vijazeni kwa maji ya kikombe, na kila msomaji asome mbele ya wengine mpaka wote wapate hesabu moja.
3. Zungumzeni: katika msimu uliopita, mvua gani iliharibu mashamba zaidi? Ilinyesha muda gani? Ardhi ilikuwa imefunikwa au ilikuwa tupu?
4. Tembeleeni mteremko mmoja siku moja baada ya mvua yenye msalaba. Tafuteni mistari ya maji, mizizi iliyobaki nje, na udongo uliolundikana chini ya shamba. Andikeni mlichoona kwenye kaye, kando ya tarehe ile.
5. Mwisho wa mwezi, jumlisheni milimeta na hesabuni misalaba ya kila mlima. Someni matokeo kwa sauti mbele ya wanachama wote.

Katika somo lijalo tutafundisha namna ya kutengeneza kipimo cha miguu miwili, chenye umbo la A, ili kuchora mistari inayofuata usawa wa mlima. Njooni na kaye zenu, kwa sababu mlima wenye misalaba mingi ndio tutakaouchora wa kwanza. Kazi njema.